Meno ya Kahawia Kutoka Maji ya Chai: Uchambuzi wa Kisa cha Kung'arisha Meno

Mgonjwa ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Maji ya Chai wilayani Arumeru, mfanyakazi wa mapokezi katika hoteli moja ya Arusha mjini. Ombi lake ni moja: meno yang'ae kabla ya sendofu yake, ambayo imebakiza miezi minne. Meno manne ya mbele juu yana kahawia iliyokolea katikati, na pembeni yake kuna mabaka meupe yaliyofifia, yasiyo na mng'ao. Meno ya nyuma yana mabaka hayo hayo, na mawili yana vishimo vidogo. Akicheka huweka kiganja mdomoni. Fomu ya mgonjwa haina nafasi ya kuandika jambo la kiganja, lakini mimi huliandika pembeni, kwa sababu ndilo lililomleta.

Niseme mapema kwamba huyu si mtu mmoja. Nimemuunganisha kutokana na wagonjwa wengi wanaofanana, ili siri ya mtu isitoke. Yanayosimuliwa hapa yote ni mambo ambayo anayetibu meno katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro huyaona mara kwa mara.

Alipokaa kitini alisema, "Dokta, mimi napiga mswaki asubuhi, mchana na usiku. Lakini wageni wananitazama kama mtu mchafu." Nikamwambia, "Dada, huo si uchafu, na hakuna mswaki utakaoutoa." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia hivyo miaka yote. Swali hilo linauma. Shuleni alikaguliwa mstarini akarudishwa nyumbani akapige mswaki vizuri. Amekua akiamini kwamba mwili wake una kosa ambalo angeweza kulirekebisha kama angejitahidi zaidi, na kujitahidi huko ndiko kulikomuumiza, kama tutakavyoona.

Rangi ilitoka wapi

Kung'arisha meno kunaanzia kwenye swali hili. Anayekuuzia dawa kabla ya kuuliza chanzo cha rangi anabahatisha kwa gharama yako. Kuna rangi ya juu juu: ya chai, sigara, ugoro, mirungi, au ukoga uliogandamana. Hiyo huondolewa kwa kusafishwa meno kliniki, na wengi wanaotafuta "dawa ya kung'arisha" hawakuhitaji zaidi ya hapo. Kuna pia rangi iliyo ndani ya jino lenyewe. Jino lililogongwa utotoni neva yake ikafa huwa la kijivu peke yake katikati ya mengine meupe. Mtoto aliyemeza tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, kabla ya kutimiza miaka 8 anaweza kuota meno yenye mistari ya kijivu. Umri nao huyafanya meno kuwa ya manjano, kwa kuwa enameli, ganda gumu la nje, hupungua taratibu, na dentini iliyo chini yake ni ya manjano tangu kuumbwa. Kila chanzo kina tiba yake, na tiba ya kimoja inaweza isifue dafu mbele ya kingine.

Kwa binti huyu jibu lilikuwa ndani ya familia. Alizaliwa na kukulia Maji ya Chai, akinywa maji ya mto mpaka alipomaliza darasa la saba. Mama yake na wadogo zake wana meno kama yake. Kaka yake mkubwa hana hata doa moja. Huyo alizaliwa Dar es Salaam, baba yao alipokuwa na kazi huko, na akahamia Meru akiwa na miaka 9. Wamechota mto mmoja, wamelishwa na mama mmoja, ila wakati haukuwa mmoja.

Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita kwenye miamba na majivu yake huzoa madini ya floraidi kwa wingi. Ndivyo ilivyo sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia, kupitia Nakuru na Naivasha, hadi Arusha, Manyara na Singida. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine cha maji, mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Maana yake ni kwamba watu wazima wengi wa ukanda huu walinywa utotoni maji ambayo kwa viwango vya wakati ule hayakuwa na tatizo. Mama hakukosea, na binti hakukosea.

Enameli ya meno ya mbele ya ukubwani hujengwa ndani ya taya kuanzia miezi michache baada ya kuzaliwa hadi karibu miaka 5. Ikijengwa, huanza ikiwa laini, imejaa protini na maji. Kisha protini huondoka na madini hujaa mahali pake. Floraidi ikizidi mwilini katika kipindi hicho, protini huchelewa kuondoka na ukomaaji hauishi. Jino huota likiwa na vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana, vingi mno chini ya uso wake, na ndiyo sababu ya ule weupe uliofifia. Hii ndiyo florosisi ya meno. Kaka mtu alipofika mtoni enameli yake ilikuwa imekwisha kamilika, na floraidi haina njia ya kurudi nyuma kuiharibu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jino la florosisi halioti likiwa na kahawia. Huota likiwa na mabaka meupe, na kahawia huja baadaye, miezi na miaka ikipita, vinyweleo vikifyonza rangi za vyakula na vinywaji. Binti huyu mwenyewe alikumbuka kwamba darasa la kwanza meno yake yalikuwa "meupe kama unga", na kahawia ikaja taratibu. Kumbukumbu hiyo ina thamani kubwa katika tiba. Rangi iliyoingia kutoka nje hukaa sehemu ya juu ya enameli, kwa hiyo mara nyingi inafikika.

Ugonjwa huu ndio uliofungua sehemu kubwa ya elimu ya kuondoa rangi kwenye meno. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifika Colorado Springs nchini Marekani akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Wakati huo kulikuwa na nadharia za kila namna, hata za kulaumu vyakula. Ilichukua miaka 30, hadi 1931, mkemia H. V. Churchill alipogundua kuwa maji yenye tatizo yana floraidi nyingi. Kabla hata chanzo hakijajulikana, mwaka 1916 daktari wa mji huo huo, Walter Kane, alikuwa ameanza kuondoa kahawia hiyo kwa asidi ya haidrokloriki. Njia tuliyoitumia kwa binti wa Maji ya Chai ni mjukuu wa hiyo.

Alichojaribu kabla ya kuja

Alianza na unga wa mkaa. Mkaa husugua, na ukisugua huondoa rangi ya juu juu, lakini haung'arishi kilicho ndani ya enameli. Alipoona kahawia haitoki aliongeza nguvu ya mkono. Kisha akahamia kwenye ndimu na chumvi, ushauri aliopewa na jirani kwa nia njema kabisa. Ukali wa asidi hupimwa kwa pH, na namba ikiwa ndogo ukali ni mkubwa. Enameli huanza kupoteza madini pH ikishuka chini ya 5.5, na maji ya ndimu yana pH ya karibu 2. Ukiilainisha enameli kwa ndimu kisha ukaisugua kwa chumvi, unaipunguza unene, na enameli haioti tena, kwa sababu seli zinazoitengeneza hufa jino linapochomoza. Nilipomkagua nilikuta mifereji myembamba shingoni mwa meno, karibu na fizi, upande wa kushoto zaidi kuliko kulia, kwani hutumia mkono wa kulia. Meno yake yalikuwa yakiingia ganzi hata kwa maji ya bombani. Kahawia ilikuwa pale pale.

Mwisho alikwenda kwa mtu anayeng'arisha meno saluni. Alipakwa dawa isiyo na maelezo kwenye chupa, akamulikwa taa ya buluu kwa karibu saa moja. Alitoka na meno meupe kweli kweli, akapiga picha. Keshokutwa yake rangi ilikuwa imerudi. Aliambiwa ni kwa sababu alikunywa chai.

Si chai. Mdomo ukiachwa wazi kwa muda mrefu huku meno yakimulikwa, meno hukauka, na jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Mate yakirudi, rangi hurudi ndani ya siku moja au mbili. Hii ndiyo sababu matokeo ya kung'arisha hayapimwi siku ile ile. Hupimwa wiki mbili baadaye. Ningependa kila mtu anayetoa pesa kwa huduma ya aina hii alijue hilo, maana picha za "kabla na baada" zinazosambazwa zimepigwa dakika ile ambayo jino linadanganya zaidi.

Kuhusu ile chupa isiyo na maelezo, siwezi kusema kilichokuwamo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2012, bidhaa ya kung'arisha meno yenye haidrojeni peroksaidi, kemikali inayovunja rangi, zaidi ya asilimia 0.1 hairuhusiwi kuuzwa moja kwa moja kwa mteja. Kuanzia hapo hadi asilimia 6 huuzwa kwa daktari wa meno tu, naye ndiye husimamia matumizi ya kwanza, na wenye umri chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kuitumia. Tahadhari hiyo ina sababu zake: dawa kali huunguza fizi, na ikiwekwa kwenye jino lililotoboka huingia hadi kwenye neva.

Tulichofanya, na kwa mpangilio gani

Yeye alitaka tuanze siku hiyo hiyo. Nilikataa. Meno yenye ganzi na mifereji ya shingoni hayawekewi peroksaidi. Mwezi wa kwanza ulikwenda kwenye mambo yasiyopendeza kusimulia: kuacha mkaa na ndimu, mswaki laini, dawa ya meno yenye floraidi na potasiamu naitreti ya kupunguza ganzi, kusafishwa ukoga, kuzibwa jino moja la nyuma lililokuwa limeanza kuoza. Aliogopa dawa ya meno yenye floraidi, akisema floraidi ndiyo iliyomharibia. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kwa mtu mzima enameli imeshajengwa, na floraidi inayogusa jino kwa nje huliimarisha. Nilimuuliza pia kama bado ananyonyesha, kwa kuwa ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa ameshamwachisha. Angekuwa mjamzito au ananyonyesha tungesubiri. Kung'arisha si tiba ya dharura.

Hatua ya pili ilikuwa kahawia. Fizi zikiwa zimefunikwa na mpira wa kinga, meno yale manne hupakwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki hafifu na chembe za kusugulia, kidogo kidogo, kisha huoshwa na kutazamwa. Kinachoondoka ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini daktari atumie asidi baada ya kukemea ndimu? Swali ni la haki. Tofauti ni kwamba hapa kiasi kinajulikana, mahali panajulikana, kazi hufanywa mara moja na si kila asubuhi, na tunaacha pale kahawia inapoacha kutoka. Kwenye meno matatu ilitoka karibu yote. Kwenye la nne, la pembeni kulia, ilibaki alama hafifu, kwa kuwa rangi ilikuwa imezama zaidi. Nilisimama hapo.

Baada ya hapo ndipo ikaja dawa yenyewe ya kung'arisha. Kahawia ikiondoka, mabaka meupe hubaki, na wagonjwa wengi huuliza kwa nini uling'arishe jino ambalo tatizo lake ni weupe. Lengo ni kulifanya jino zima lisogelee rangi ya mabaka, ili jicho lisione tena mpaka kati yao. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kuelewa kuliko yote kuhusu kung'arisha meno ya florosisi: watu hawalitazami jino kwa sababu halijafikia weupe fulani, wanalitazama kwa sababu halilingani.

Tulichukua umbo la meno yake, akatengenezewa vishikio vyembamba vya plastiki vinavyokaa juu ya meno, na akapewa jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10 ya kuweka ndani yake usiku. Jeli hiyo huachia taratibu haidrojeni peroksaidi ya karibu asilimia 3.5, ambayo hupenya enameli hadi kwenye dentini na kuvunja molekuli zenye rangi. Haisugui, wala haichubui. Njia hii iligunduliwa kwa bahati mwishoni mwa miaka ya 1960 na Bill Klusmier, daktari wa kunyoosha meno wa Arkansas, aliyempa mgonjwa dawa ya kuua vijidudu vya fizi aiweke kwenye kishikio chake, akaona meno yanakuwa meupe. Ilikaa ikijulikana na wachache tu hadi madaktari wa meno Haywood na Heymann walipoichapisha mwaka 1989. Ni ya polepole, na nadhani upole huo ndio ubora wake. Dawa kali za kliniki za asilimia 35 zinawahi zaidi, lakini huleta ganzi zaidi, na mwisho wa safari rangi hulingana.

Wiki ya kwanza alipiga simu akiwa na wasiwasi: mabaka meupe yameonekana zaidi kuliko mwanzo. Nilikuwa nimemweleza kabla, lakini kuambiwa si kuona. Mabaka yana vinyweleo, hivyo hupokea dawa mapema na kung'aa kabla ya sehemu nyingine kufuata. Alivumilia. Usiku ambao meno yaliingia ganzi hakuweka dawa, akaendelea uliofuata. Baada ya wiki nne hivi mabaka yalikuwa yamemezwa na rangi ya jino, isipokuwa ukimulika kwa taa ya karibu. Tuliacha wiki mbili zipite kabla ya kuziba vile vishimo kwa resini, kijazio chenye rangi ya jino, kwa sababu oksijeni iliyobaki ndani ya enameli huzuia resini kushika, na pia ili tuchague resini inayolingana na rangi iliyotulia.

Suala la vinia

Katikati ya safari aliniuliza kuhusu vinia, yale magamba ya kauri yanayobandikwa mbele ya jino. Rafiki yake alimwambia kwamba hayo ndiyo suluhisho, na mitandaoni anaona wasanii wenye meno meupe yote sawasawa. Vinia zina mahali pake. Florosisi ikifika mahali ambapo uso wa jino umemeguka vipande vikubwa, mimi mwenyewe huzipendekeza. Lakini kwa kawaida ili ibandikwe, jino huchongwa karibu nusu milimita, na lililochongwa halirudi. Vinia nayo haidumu maisha yote; mtu wa miaka 26 atazibadilisha mara kadhaa, na kila mara kwa gharama. Kumchonga meno mazima manne kwa sababu ya rangi ambayo inaweza kutoka kwa kuondoa sehemu ya kumi ya milimita ni jambo nisilokubaliana nalo, hata mgonjwa akiwa na pesa mkononi.

Nilimpa kioo na kile kibao cha sampuli 16 za rangi za meno ya asili, nikamwomba atafute rangi ya meno ya kaka yake kwa kukumbuka. Alichagua moja ya kati, yenye umanjano kidogo. Alishangaa. Tangu hapo hakuulizia tena meno ya wasanii. Ile alama hafifu ya jino la pembeni tulikubaliana ibaki.

Mtoto

Tulipomaliza aliuliza kuhusu mwanawe, na hapa ndipo kisa kilipopata uzito wake. Mtoto hushinda kwa bibi yake Maji ya Chai siku za kazi. Ana mwaka mmoja na nusu. Meno yake ya mbele ya ukubwani yanajengwa sasa hivi, ndani ya taya, na hakuna anayeyaona. Miezi aliyonyonya ilimkinga, kwa kuwa maziwa ya mama hubeba floraidi kidogo sana hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi. Amekwisha kuachishwa, na uji wake hupikwa kwa maji ya pale.

Binti alidhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani inakuwa nyingi zaidi kwa kila kikombe. Chujio la kawaida la mshumaa wa udongo halisaidii pia. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, maji ya chanzo kilichopimwa, au chujio la mkaa wa mifupa. Hilo la mwisho limefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo hapo Arumeru. Mifupa ya ng'ombe huchomwa bila hewa ya kutosha mpaka iwe mkaa, na madini ya mfupa, ambayo ni ndugu wa madini ya jino, huinasa floraidi maji yanapopita. Mkaa huo hushiba na lazima ubadilishwe kwa wakati. Chujio lililoshiba hupitisha floraidi kama kawaida, na maji hayabadiliki ladha wala rangi kukuonya.

Kuna na magadi. Utafiti uliofanywa nchini ulikuta florosisi hata kwenye vijiji ambavyo maji yake yana floraidi kidogo, na sababu mojawapo ni magadi yanayolainisha maharage na kande, kwani baadhi yake yana floraidi nyingi. Hapo ndipo mazungumzo na bibi yalipokuwa magumu. Alikuja mwenyewe kliniki siku moja na mjukuu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasikiliza yote kwa utulivu. Akasema, "Mwanangu, maharage bila magadi yanakula kuni za siku nzima." Ana haki, kuni ni pesa, na magoti yake hayaendi tena msituni. Tulichokubaliana ni kidogo kuliko nilichotaka. Wataweka pipa la maji ya mvua kwa kunywa na kwa uji wa mtoto, na kiangazi pipa likiisha mama atapeleka ndoo kutoka mjini, akishauliza mamlaka ya maji kipimo cha bomba lake. Maharage ya mtoto yatalowekwa usiku na kupikwa pembeni bila magadi. Dawa ya meno yake itakuwa kiasi cha punje ya mchele, na atapigwa mswaki na mtu mzima. Mpango huo utaendelea mpaka atimize miaka 8. Baada ya hapo anaweza kula sufuria moja na bibi yake.